Sauti ya ayeeyo ilikufa na laptopu yangu

Kila wiki napata meseji zile zile. "Abaayo, laptopu gani fiti ya elfu ishirini na tano?" "Manze, hadi diski yangu inalia, nifanye nini?" "Kuna programu ya kurudisha picha zilizofutika?" Huwa najibu mmoja mmoja, lakini leo nimeamua kuandika yote pamoja, na nitaanza na kitu ambacho sijawahi kukisema hapa kwa sababu naona aibu.

Mwanzoni mwa 2024 nilimrekodi ayeeyo wangu, nyanya mzaa baba. Jioni tisa, kila jioni kama saa moja hivi, simu ikiwa juu ya mto na shaah pembeni. Alinisimulia Garissa ya zamani, ukame, ngamia wa babake, jinsi alivyoolewa. Na jioni tatu kati ya hizo alinisimulia Bulla Kartasi.

Kama umekulia hapa unajua, na kama hujui, mtaa huo ulichomwa na vikosi vya usalama Novemba 1980, watu wakakusanywa uwanjani na kukaa juani siku kadhaa. Imo kwenye ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyokabidhiwa rais Mei 2013. Ripoti ninayo, mtu yeyote anaweza kuisoma. Lakini ripoti haisemi kwamba ayeeyo alitoka na mtoto mgongoni na sufuria mkononi, na hakujua ameishika hiyo sufuria mpaka mtu mwingine alipomuuliza. Haisemi kuhusu sanduku la bati la babu lililobaki ndani, na makaratasi yote ya babu ndani yake. Hayo alikuwa anajua yeye.

Nilikuwa nataka kutengeneza video ndefu. Nimeacha chuo, sina cheti cha kuonyesha mtu, kwa hivyo hii ndiyo ingekuwa kazi yangu ya kwanza ya maana. Simu ikajaa. Nikachomeka waya, nikahamisha rekodi zote kwenye laptopu, nikaona simu imepumua, nikafurahi. Wikendi hiyo hiyo nikaitumia kurekodi harusi ya watu wawili tofauti, mpaka ikajaa tena.

Soma tena hiyo sentensi. Nilihamisha. Sikunakili. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshaweka bakapu, kwa sababu vitu vilikuwa "kwenye laptopu". Lakini kitu kilichoko mahali pamoja tu hakina bakapu, hata mahali penyewe pawe pazuri namna gani. Kabla sijahamisha kilikuwa kimoja, baada ya kuhamisha kilikuwa kimoja. Tena nilikitoa kwenye simu ambayo haina kitu kinachozunguka ndani, nikakiweka kwenye mashine ya mtumba yenye betri iliyokufa.

Ilikuwa Ramadhan. Saa tisa usiku, karibu na daku, maana mchana wa Machi hapa Garissa hata wewe mwenyewe hufanyi kazi, sembuse kompyuta. Nakata sauti, nimevaa vipokea sauti, laptopu imechomekwa moja kwa moja kwa sababu bila waya haiwaki. Stima ikapotea. Ikarudi. Ikapotea tena kabla laptopu haijamaliza kuwaka. Ikarudi mara ya tatu, na sasa nikasikia sauti ambayo nikiisikia mpaka leo tumbo linakaza: tik, tik, tik, kimya, tik, tik.

Sasa hapa ndipo nataka usikilize vizuri, kwa sababu kilichoharibu rekodi si stima peke yake. Ni mimi, kwa siku mbili zilizofuata.

Ndani ya hadi diski ya kawaida kuna visahani vinavyozunguka, nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Juu ya kila kisahani kuna kichwa kidogo kinachosoma, na hakigusi. Kinaelea kwa nafasi ndogo kiasi kwamba chembe moja ya vumbi la hapa kwetu ni jiwe kubwa ukilinganisha. Diski ikianza kulia hivyo, mara nyingi kichwa kinatafuta mahali pa kuanzia na hakipati, au kimeshaanza kugusa kisahani. Kila ukiiwasha tena, huenda unakwaruza. Na palipokwaruzwa hapasomeki tena na mtu yeyote, hata ukipeleka Nairobi, hata ukipeleka Dubai.

Mimi niliizima na kuiwasha labda mara arobaini. Nikasema bismillahi kila mara, nikadhani ya arobaini na moja itakubali. Nikaigonga kidogo ubavuni, kama redio. Kuna mtu akaniambia niifunge kwenye mfuko niiweke kwenye friza usiku kucha. Hiyo nilikaribia kuifanya, nikashindwa tu kwa sababu friza lilikuwa limejaa nyama. Alhamdulillahi kwa hiyo nyama. Ukitoa diski ya baridi kwenye joto letu, unyevu unajikusanya ndani kama kwenye chupa ya soda, na hapo umemaliza. Kisha nikachomeka diski kwenye kompyuta ya rafiki nikaendesha programu ya bure ya kurejesha faili, ikakwangua usiku mzima. Asubuhi diski haikulia tena. Haikufanya chochote.

Fundi niliyempelekea hapa mjini alikuwa mtu mkweli. Aliishika, akaitikisa karibu na sikio lake, akaniuliza, "Dada, umeiwasha mara ngapi tangu ianze kulia?" Nikamdanganya, nikasema mara tano. Akasema hata tano ni nyingi. Akakataa kuifungua. Alisema kuna mafundi watakaokufungulia diski mezani huku feni ya dari inazunguka, na wakishaifungua hivyo hakuna mwingine atakayeweza kuisaidia, kwa sababu vumbi limeshaingia. Nikaituma Nairobi kwa basi. Wale jamaa wakajibu baada ya wiki moja: visahani vimekwaruzwa, hakuna kitu.

Baada ya Idd nilimwendea ayeeyo na simu yangu. Wakati huo alikuwa ameanza kuchoka, maneno yanakuja polepole. Nikamwambia tuanze tena. Kwetu nyanya akimwita mjukuu humwita "ayeeyo" vilevile, jina linaenda na kurudi. Akaniangalia akasema, "Ayeeyo, si nilikwambia?"

Nilimwambia ndiyo, ulinambia.

Hakusimulia tena. Kwake alikuwa amekabidhi, na mimi ndiye niliyepokea. Alifariki mwaka huo huo. Inna lillahi.

Basi. Hiyo ndiyo sababu nikiona mtu ameandika "inalia tik tik" najibu kwa herufi kubwa.

Ukiisikia hiyo sauti, zima. Chomoa. Usijaribu tena "mara moja tu". Kama kilichomo ndani ni mafilamu, utasahau, nunua diski nyingine. Kama kilichomo hakirudi, iache ilivyo, hata miaka miwili, mpaka uwe na pesa ya kuipeleka kwa mtu mwenye chumba safi cha kufungulia diski. Diski iliyozimwa haizidi kukwaruzwa.

Ukifuta kitu kwa bahati mbaya hali ni nyingine kabisa, na huwa watu wanachanganya. Hapo diski ni nzima. Kwenye hadi diski na kwenye memori kadi, faili iliyofutwa bado ipo, ni jina lake tu limetolewa kwenye orodha, na itakaa mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Kwa hiyo ukifuta picha kwenye kadi ya kamera, toa kadi saa hiyo, usipige picha hata moja nyingine. Kisha tumia programu kama PhotoRec, ni ya bure, na ile utakayoipata ihifadhi mahali pengine, si kwenye kadi hiyo hiyo. Kwenye SSD matumaini ni madogo, kwa sababu nyingi zinafuta zenyewe kwa nyuma mara tu ukishafuta. Na simu yangu je? Kama ningejua mapema, labda kingepatikana kitu. Lakini nilikuwa nimesharekodi harusi mbili juu yake. Watu walicheza dansi juu ya ayeeyo wangu, na mimi ndiye niliyeshika kamera.

Sasa tuje kwenye lile swali mnalolipenda, laptopu gani.

Maoni yangu, na najua kuna watu watanishambulia: hakuna laptopu ya Garissa. Watengenezaji wengi wanaandika kwamba mashine zao zifanye kazi kwenye joto lisilozidi nyuzi 35. Hapa kuna miezi ambayo nyuzi 35 ni asubuhi ya saa tano. Kwa hiyo kila mashine unayonunua inafanya kazi nje ya ilivyoandikiwa, na itakufa mapema kuliko ya binamu yako wa Limuru. Nunua ukijua hivyo. Usiweke pesa yote kwenye mashine ukabaki bila ya diski ya pili.

Kama bajeti ni ndogo, chukua ya mtumba ya ofisi, zile mnaita eks-UK, kuliko laptopu mpya ya bei rahisi. Zile mpya za bei ya chini nyingi zina hifadhi ya gigabaiti 64 iliyogandishwa kwenye bodi, ikifa imekufa na kila kitu, na RAM huwezi kuongeza. ThinkPad T480, Latitude, EliteBook, hizi zilitengenezwa zifunguliwe. Unatoa skrubu, unabadilisha SSD mwenyewe, unaongeza RAM, betri unapata Luthuli Avenue. T480 hata ina betri mbili, moja ndani na moja ya nje unayoweza kuitoa huku imewaka, na kwa mtu anayekaa mahali stima inacheza hiyo ni neema.

Angalia kizazi cha prosesa. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane. EliteBook 840 G3 ni nzuri na ni nyingi sana madukani, lakini ni kizazi cha sita. Muuzaji atakuambia "inaingia Windows 11 bila shida". Inaingia kwa ujanja, na Microsoft haiahidi kwamba itaendelea kukubali. Kama utaweka Linux, haya, ichukue, na uitumie hiyo hoja kushusha bei.

Ukienda kununua usione haya. Wauzaji wanajua kukuharakisha, "dada amua, kuna mwingine anaitaka". Mwache aichukue. Wewe chomoa chaja uone kama inabaki imewaka. Fungua ile dirisha jeusi la amri uandike powercfg /batteryreport, itakupa ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake sasa. Ikiwa imebaki nusu, sema nusu. Beba CrystalDiskInfo kwenye flashi, iendeshe, ikikuonyesha rangi ya njano badala ya buluu, kuna sehemu za diski zimeshaanza kufa. Cheza video dakika ishirini huku mnaongea, uguse chini. Bonyeza kila herufi ya kibodi. Na uingie BIOS kabla hujalipa, F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikikuuliza nywila ambayo muuzaji haijui, ondoka hata kama bei ni tamu, hiyo mashine bado ina mwenyewe.

Hadi diski inayozunguka isiwe ndani ya laptopu yako tena. Weka SSD hata ya gigabaiti 256. Hiyo haina kisahani cha kukwaruzwa stima ikicheza au ukiibeba kwa bodaboda. Lakini usilewe. SSD ikifa mara nyingi haikupi ile tik tik ya kukuonya. Jana ilikuwepo, leo kompyuta inasema haioni diski. Mimi nimeiona ikitokea kwa watu wawili, na wote walisema neno lile lile, "lakini ni SSD!"

Flashi za terabaiti moja kwa shilingi elfu moja, tafadhali. Ndani kuna gigabaiti 32 au chini, zimefundishwa kudanganya kompyuta. Zinakubali faili zako zote, majina unayaona yote, siku ukifungua hakuna kitu. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inaijaza flashi yote na kuisoma tena kuhakikisha. Inachukua masaa. Iache usiku.

Kuhusu stima nitasema kidogo tu. Pale nje ya mji tuna mtambo wa sola wa zaidi ya megawati 50, ulifunguliwa Desemba 2019, na watu wa nje huniuliza kwa nini basi tunalia giza. Umeme ule unaingia kwenye gridi ya taifa, na gridi ikianguka, kama ilivyoanguka tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima, na sisi tunaanguka nayo pamoja na jua letu lote. Wajir na Mandera wao wako na jenereta na mitambo yao, na wana hadithi zao. Stima ikipotea, chomoa chaja ukutani. Ikirudi, hesabu dakika tano kabla hujachomeka, kwa sababu inarudi ikiwa na hasira. Ile gadi ya friji aliyonayo hooyo jikoni inafanya hiyo kazi yenyewe, nunua yako ya laptopu. Na betri inayoshika hata dakika ishirini ni bora kuliko prosesa ya haraka, maana hizo dakika ndizo za kuhifadhi na kuzima vizuri. Ningekuwa na betri Ramadhan ile, nisingekuwa naandika haya.

Joto nalo, sisi tunakaa chini. Laptopu juu ya zulia au godoro inavuta hewa kupitia nyuzi, inajaza feni manyoya, halafu unashangaa inajizima. Iweke juu ya sinia. Naam, sinia, lile la chuma la wali, linasambaza joto vizuri kuliko vile vistendi vya plastiki vyenye taa za buluu. Mara moja kila miezi mitatu fungua chini, piga vumbi, lakini shika panga za feni kwa kidole zisizunguke ukipuliza. Mashine ikiwa ya zamani na bado inachemka, ile pesti inayopakwa kati ya prosesa na chuma imekauka, fundi anabadilisha kwa muda mfupi. Na isipowaka kabisa, kabla hujalia: toa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwasha sekunde thelathini, jaribu chaja ya mtu mwingine. Ikiwaka lakini skrini ni nyeusi, mulika kwa tochi ya simu pembeni. Ukiona picha kwa mbali, mashine ni nzima, ni mwanga wa skrini tu umekufa. Ikipiga mlio mfupi mfupi, toa RAM, isugue sehemu ya dhahabu kwa raba ya penseli, irudishe. Hayo yameniokolea pesa nyingi za fundi, na fundi wangu anajua.

Tukirudi kwenye bakapu.

Kuna kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani anaitwa Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyumbani. Watu wa hapa wakisikia hivyo wanasema hiyo ni ya wazungu wenye fiba. Sikubali. Hesabu nami. Sauti ya mazungumzo kwa ubora mzuri wa kilobiti 128 inakula kama megabaiti 58 kwa saa. Jioni zangu tisa zote zingekuwa kama megabaiti 520. Akaunti ya Google ya bure ina gigabaiti 15, yaani kama saa 260 za sauti. Ningeweza kupandisha ayeeyo wangu wote kwa bando la siku moja, lile ninalolimaliza TikTok kabla ya Alasiri. Si kwamba sikuwa na uwezo. Sikufikiria tu.

Video ni shida, ndiyo, dakika moja inaweza kula karibu megabaiti 100, hizo huwezi kupandisha zote. Chagua. Ile isiyoweza kurekodiwa tena ndiyo inapanda kwanza: wazee, watoto, vyeti, kitambulisho, barua za shamba. Dansi ya harusi isubiri. Na hizo gigabaiti 15 zinagawanywa na Gmail na picha zako, tangu Juni 2021 Google Photos haina tena ule uhuru wa kuweka bila kikomo, kwa hiyo safisha zile memi.

Nakala ya mbali haihitaji intaneti. Mimi nina diski ya nje mbili. Moja iko hapa, moja iko kwa eedo, shangazi yangu, Bula Iftin, ndani ya kabati la nguo zake za Idd. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi naenda na moja, narudi na nyingine. Eedo hajui kilichomo na hataki kujua, anachotaka ni nikae ninywe chai. Fikiria pia mto. Novemba 2023 na tena Aprili 2024 mafuriko ya Tana yalikata barabara ya Nairobi upande wa Madogo, na mzigo wako ukiwa ng'ambo ulibaki ng'ambo. Kama nakala yako yote iko kwenye duka la fundi Nairobi, au yote iko kwenye nyumba ya chini karibu na maji, hujaweka mbali, umeweka tu pengine.

Na fungua. Bakapu ambayo hujawahi kuifungua ni tetesi. Mwaka 1998 huko Pixar, Marekani, mtu alitoa amri moja ikaanza kufuta filamu ya Toy Story 2, wakaenda kwenye bakapu zao, wakakuta zilikuwa zimeshindwa kufanya kazi na hakuna aliyegundua. Kampuni ile! Kilichowaokoa ni mama mmoja wa kazini, Galyn Susman, aliyekuwa amejifungua na kufanya kazi kutoka nyumbani, kwa hiyo alikuwa na nakala huko. Waliifunga ile kompyuta kwa mablanketi wakaileta kwa gari polepole.

Mimi pia nilikuwa na Galyn wangu bila kujua. Binamu yangu wa Eastleigh. Februari 2024, jioni moja, nilimtumia kipande cha sauti kwa WhatsApp nikimwambia "skia ayeeyo anavyocheka". Dakika nne. Nilikuwa nimeshasahau. Baada ya mazishi akaniuliza, "We, ile voisi ya ayeeyo ya sufuria bado unayo?" Nikakaa chini.

Imebanwa, sauti ina mkwaruzo, kwa sababu WhatsApp hupunguza. Ukimtumia mtu kitu cha kutunza, kitume kama dokumenti, hakipunguzwi, na inakubali mpaka gigabaiti 2. Lakini usifanye WhatsApp kuwa kabati lako. Binamu angebadilisha simu mwezi mmoja mapema, na hizo dakika nne zingekwenda pia.

Ni ile sehemu ya sufuria. Siyo yote, inaanza katikati. Anacheka anaposema hakujua ameishika, anacheka kweli, halafu ananyamaza muda mrefu, unasikia muadhini kwa mbali. Kwenye dakika ya tatu na sekunde kama arobaini ananiuliza kama hiyo simu bado inarekodi. Namjibu ndiyo.

Iko kwenye laptopu, iko kwa eedo, iko Drive. Ijumaa iliyopita nilizifungua zote tatu, zinacheza.

Sasa nimeanza na wazee wengine. Wawili mpaka sasa, mmoja ni rafiki ya ayeeyo. Kabla sijatoka nyumbani kwa mtu, rekodi iko sehemu mbili tayari, napandisha nikiwa bado nakunywa chai yake. Kama una mzee nyumbani aliyekuwepo na yuko tayari kuongea, niandikie, nitakuja na betri iliyojaa. Na kama unaniandikia kuhusu diski inayolia, izime kwanza ndiyo uandike.